Sukari Iliyolala Ndani ya Bua

Jumatatu, 3 Juni

Mabua ya kwanza yameingia leo. Matrekta mawili yalifuatana getini saa mbili asubuhi, yamebeba mlima wa rangi ya dhahabu uliokuwa ukipukutika njia nzima, na kufikia saa nne ua wote wa kiwanda ulikuwa umetandikwa majani makavu. Ukitembea juu yake unasikia kama mtu anakunong'oneza. Vumbi lake ni jepesi, halitaki kuanguka. Linaning'inia tu hewani, na jua likipita ndani yake kila mtu anaonekana kama anatembea ndani ya asali.

Kazi yetu ni rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Wakulima wakishavuna mahindi, nusu ya mabua wanayaacha shambani yafunike udongo, nusu wanatuletea. Sisi tunayakatakata, tunayaloweka kwenye maji yenye tindikali kidogo, tunayapika kwa mvuke ndani ya chungu cha chuma kikubwa kuliko chumba changu cha kulala. Kisha tunatia vimeng'enya, vile vitu visivyoonekana vinavyokata nyuzi za mmea kama mkasi. Kinachobaki, tukijaliwa, ni maji ya sukari. Sukari tunaipa hamira, hamira inatupa spiriti, na spiriti inaendesha injini.

Miaka ishirini na miwili niliwaambia wanafunzi darasani kwamba bua ni sukari iliyolala. Sasa nimeajiriwa kuiamsha.

Jumanne, 4 Juni

Vumbi. Mama anasema nimerudi na mvi nyingi kuliko nilizoondoka nazo.

Ijumaa, 7 Juni

Leo tumewasha chungu. Anayekiongoza tunamwita Mpishi, na yeye mwenyewe akiulizwa kazi yake anasema hivyo hivyo: napika. Ni mtu wa makamo, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kama anayepita mlango mfupi. Sipendi namna anavyofanya kazi. Mwongozo unasema dakika arobaini, mimi nimeubandika ukutani kwa herufi kubwa, lakini yeye haangalii saa. Anakaa kwenye ndoo aliyoipindua, kichwa amekilaza kwenye bomba la mvuke lililozungushiwa magunia, macho amefumba. Nilidhani amelala.

"Mpishi!"

"Nipo, Mwalimu."

"Umelala?"

"Namsikiliza."

"Nani?"

Akakionyesha chungu kwa kidevu, akafumba macho tena.

Meneja alicheka nilipomweleza. Meneja wetu alikuwa mwanafunzi wangu, alikuwa anakaa dawati la mbele, mwandiko mzuri, majibu mafupi. Bado ananiita Mwalimu, na kiwanda kizima kimefuata. "Mvumilie," akaniambia. "Alipika sabuni miaka mingi kabla hatujanunua mahali hapa. Alikuja na majengo."

Jumatano, 12 Juni

Gramu kumi na tisa za sukari kwa lita. Tunataka arobaini.

Jumapili, 16 Juni

Mama ameota mchana. Aliota anatembea ndani ya bomba jeupe refu, na kuta za bomba zilikuwa zinapumua. Aliponisimulia nikaona mimi ndiye niliyempa ndoto hiyo, maana jana nilimwonyesha picha ya bua lililokatwa na kukuzwa mara mia mbili: vijumba vidogo vidogo, mstari kwa mstari, kama mji usio na watu. "Wenyewe wamekwenda wapi?" akauliza Mama. Nikamwambia wenyewe ni sukari, wamefungiwa ukutani. Akafikiri. "Basi bisheni hodi kistaarabu," akasema. "Nyie mnavunja milango."

Nilicheka hadi machozi. Kisha nikalala kwenye kiti, dirisha wazi, na upepo ukaleta harufu ya mashamba yaliyovunwa.

Jumanne, 18 Juni

Ishirini na moja. Halafu hamira imekufa. Tumeitia kwenye maji ya sukari asubuhi, jioni ilikuwa imezama chini kama matope, hakuna povu, hakuna hata kapovu kamoja. Hamira hufa ikikutana na sumu. Nimeosha vyombo vyote upya. Nimepima maji. Sijui.

Alhamisi, 20 Juni

Mpishi alikuja hadi mlango wa maabara, akasimama nje, kofia mkononi. Haingii ndani bila kuitwa.

"Mwalimu, nina neno."

"Sema."

"Haya mabua tunayaunguza."

Nikamwambia hakuna kinachoungua, humo ndani ni mvuke na maji. Akasema anajua, lakini yakifika mahali fulani sauti inabadilika, na mvuke unaotoka unanuka lozi chungu. Kabla ya hapo unanuka mkate. "Mahali penyewe ni kabla ya arobaini. Kabla kabisa."

Nilimuuliza ni dakika ngapi. Akasema hajui dakika, anajua harufu. Nikamwambia kwa upole, upole ule wa mwalimu ambao sasa nikiukumbuka unanitia haya, kwamba pua si kipimo. Akasema, "Sawa, Mwalimu," akavaa kofia yake.

Jumatatu, 24 Juni

Leo nimemkamata.

Nilikuwa nimekaa maabara, mlango wazi, nikaona mvuke umetoka juu ya paa. Wingu jeupe, zuri, lilipanda taratibu likasimama juu ya ua kama kitu kilichosahau kinakokwenda. Nikatazama saa. Dakika ishirini na sita. Nilishuka mbio. Mfuniko ulikuwa umeshafunguliwa, na kwenye daftari, kwa mwandiko wake wa kulalia upande, ameandika: 40.

"Hii ni nini?"

Akavua kofia, akajifuta jasho.

"Nakuuliza, Mpishi. Umeandika arobaini."

"Ningeandika ishirini na sita ungemwaga bila kupima."

"Na sasa sitapima. Daftari likishadanganya mara moja, halina maana tena."

Nilichota chupa moja kutoka chunguni kwa ajili ya ushahidi, nikaiandika tarehe, nikaisukuma nyuma kabisa ya jokofu. Kisha nikapanda ngazi hadi kwa Meneja nikamweleza yote.

Jumanne, 25 Juni

Mpishi amepewa barua ya onyo. Amenisalimia asubuhi kama kawaida.

Jumatatu, 1 Julai

Mabua yanaendelea kuingia. Nyuma ya kiwanda kuna rundo refu kama jengo la ghorofa, na kila jioni, jua likishuka, linawaka rangi bila moto. Nimekuwa na tabia ya kwenda kusimama pale kabla ya kurudi nyumbani. Ndani ya rundo kunasikika milio midogo, majani yanajikunja, panya wanapita, upepo unatafuta njia. Nafikiria sukari yote ile, tani kwa tani, imekaa kimya, na mimi niliyesoma miaka yote hiyo siwezi kuiambia neno moja ikanielewa.

Ishirini na mbili.

Alhamisi, 4 Julai

Wageni waliotusaidia kuanzisha kiwanda watakuja mwezi ujao kuona kama jambo hili lina mwisho. Meneja ametuita wote, akasema tukishindwa msimu huu hakuna msimu mwingine. Alipomaliza alibaki amekaa, anachezea kifuniko cha kalamu. Nikaona anakalia kuti kavu, na anajua. Nilimhurumia. Nikamwambia nitaongeza muda wa kupika, dakika arobaini na tano, na presha pia. Kama mlango haufunguki, tusukume zaidi.

Jumatatu, 8 Julai

Mpishi anasema mpira wa mfuniko umeanza kutoa machozi. Nilienda kuuangalia. Kweli, upande mmoja palikuwa na unyevu, tone moja, jingine. Mpira mpya utafika Ijumaa. Nikamwambia tupike mara moja tu ya mwisho kesho, kisha tungoje.

Akasema, "Kesho na presha hiyo?"

Nikasema ndiyo.

Jumatano, 10 Julai

Naandika asubuhi na mapema.

Jana saa tano na robo tulikuwa dakika ya thelathini na nane. Mpishi alisema, "Mwalimu, tufungue." Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na saa mkononi. Nikasema bado saba. Akasema tena, safari hii bila kuniita Mwalimu: "Tufungue." Nikainua vidole, saba, kama ninavyowaonyesha watoto. Hakuenda kwenye valvu. Alisogea kwenye mfuniko, akaukaribia, akainama ausikilize.

Sikusikia mlipuko. Nilisikia kama mtu anachana kitambaa kirefu sana. Kisha chumba chote kikawa cheupe. Weupe ule ulikuwa na joto na ulikuwa na harufu, na kwa muda nisioweza kuupima sikujua juu wala chini. Nilifikiri, nakumbuka vizuri, nilifikiri: kumbe ni lozi. Lozi chungu, waziwazi, kama mtu amezisaga mbele ya uso wangu.

Weupe ulipopungua nilimwona amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Mkono wa kushoto ulikuwa umeiva toka kiwiko hadi vidole, na shingo upande ule. Hakupiga kelele. Aliuangalia mkono wake kwa mshangao, kama umeletwa na mtu mwingine. "Funga mvuke," akaniambia. "Gurudumu jekundu. Kulia." Nikafunga. Nikachukua mpira wa maji nikaumwagia mkono wake hadi gari lilipofika, na muda wote ule alikuwa ananiambia, "Pole pole, Mwalimu, pole pole," utadhani niliyeungua ni mimi.

Mama alinivua nguo jana kama mtoto.

Alhamisi, 11 Julai

Kiwanda kimefungwa hadi mkaguzi atakapokuja. Leo nilienda peke yangu maabara kuzima mitambo midogo. Nilipofungua jokofu nikaiona ile chupa ya tarehe ishirini na nne Juni. Niliishika muda mrefu. Nikaifungua, nikainusa.

Mkate.

Nimeitia vimeng'enya, nimeiweka kwenye joto la digrii hamsini. Inataka siku tatu.

Ijumaa, 12 Julai

Nimekwenda kuiangalia mara nne. Haibadiliki kwa macho. Maji ya rangi ya chai, yamekaa.

Jumapili, 14 Julai

Arobaini na nne.

Nimepima mara tatu. Nimeosha vyombo nikapima tena. Arobaini na nne. Nikachukua kikombe kimoja cha maji yale, nikakitia hamira, nikaketi mbele yake na mikono mapajani. Baada ya saa moja na nusu kapovu kakapanda. Kakasimama juu, kakatazama, kakapasuka. Kisha kakaja kengine. Hadi saa tisa alasiri uso wote ulikuwa unachemka polepole, na nilipoweka sikio karibu nilisikia sauti ndogo kabisa, kama mvua inayonyesha mji wa mbali.

Niliinamisha kichwa mezani nikalia.

Tulipokuwa tunapika dakika arobaini, tulikuwa tunaiamsha sukari kisha tunaiua, na maiti yake inageuka sumu ya hamira. Haya yameandikwa vitabuni. Niliwahi kuyasoma. Mpishi hakuyasoma popote, alikuja mlangoni kwangu, kofia mkononi, akaniambia.

Jioni nilienda hospitali. Alikuwa amelala kwa sababu ya dawa. Mke wake alikuwa kwenye benchi la korido, mwanamke mfupi mwenye uso wa kuchoka. Alinishukuru kwa kumwagia mumewe maji. Daktari amesema maji yale ndiyo yaliyoviokoa vidole. Kisha yule mwanamke akashusha sauti.

"Mwalimu, huko kazini wanasema alizembea. Wanasema alishapewa na onyo. Ni kweli?"

Ningemjibu pale pale. Niliona midomo yangu inafunguka. Nikasema, "Tuombe apone kwanza," nikaondoka.

Jumatatu, 15 Julai

Meneja aliniita. Alikuwa ameandaa maelezo ya mkaguzi, ukurasa mmoja, mwandiko ule ule mzuri. *Mwendeshaji, ambaye awali alionywa kwa kutofuata maelekezo, alisogelea mfuniko kinyume cha utaratibu.* Akanisukumia nitie sahihi kama shahidi.

"Hapa hakuna mahali panaposema nani aliongeza presha," nikasema.

"Mwalimu, hatusemi uongo. Alionywa kweli. Alisogelea mfuniko kweli."

"Na mpira uliokuwa unavuja? Na zile dakika saba?"

Akavua miwani akafuta vioo kwa shati. Bila miwani anarudi kuwa na miaka kumi na minne. "Ukiandika hayo, wewe umekwisha. Mimi nimeruhusu, nimekwisha. Wageni wakisikia uongozi ndio ulioamuru, wanafunga. Watu thelathini wanarudi nyumbani. Yeye tutamtafutia namna, nakuahidi."

"Tutamtupa jongoo na mti wake."

"Sikusema hivyo."

"Umeliandika vizuri tu, kwa hiyo halionekani."

Nilimwomba anipe siku mbili. Nilitembea kurudi nyumbani kwa miguu. Mashamba yalikuwa meupe kwa ukavu na anga pana, na nilijisikia mwepesi vibaya, kama jani lililotoka kwenye bua na bado halijaanguka. Na ukweli ni huu, niuandike: njia nzima nilikuwa natafuta sentensi ambayo ningeweza kuitia sahihi.

Jumanne, 16 Julai

Nimemweleza Mama yote, tangu onyo hadi zile dakika saba. Alikuwa anapanga njegere kwenye sinia, mbovu huku, nzima huku. Aliendelea kupanga.

"Ulipokuwa mdogo," akasema, "ulivunja chupa ya dawa ya baba yako ukaifukia nyuma ya nyumba. Tulikuuguza kidonda cha mguu wiki nzima, hatujui umekanyaga nini. Siku uliyosema ndipo kioo kikatoka."

"Hii si chupa, Mama. Nitafukuzwa."

"Najua. Na mimi ndiye utakayeshinda naye nyumbani siku nzima." Akanitazama juu ya sinia. "Kwa kweli hilo ndilo linalonitisha."

Jumatano, 17 Julai

Nimeandika kurasa tatu. Nani alisema nini, saa ngapi. Kwamba mwendeshaji alitoa taarifa ya uvujaji. Kwamba alisema tufungue, mara mbili. Kwamba mimi nilikataa. Kwamba chupa ya ishirini na nne Juni, ile iliyompa onyo, ndiyo pekee iliyofikia sukari tunayoitaka msimu mzima. Nikazipeleka mezani kwa Meneja kabla hajafika, maana nilijijua, nikimwona ningezirudisha mkobani.

Ijumaa, 19 Julai

Meneja hajanisemesha. Nimejipalia makaa, na nimekaa nayangoja yashike.

Jumapili, 21 Julai

Nimerudi hospitali. Safari hii Mpishi alikuwa macho. Mkono umefungwa, umetundikwa. Mkewe alikuwa ameketi kitandani miguuni kwake, anamkunjia shuka.

Nilisimama, sikutaka kiti. Nikawaambia. Sikuchukua muda mrefu, jambo lenyewe halina urefu. Nilipofika kwenye zile dakika saba mkewe aliacha kukunja.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Na Jumapili ile nilikuuliza hapo nje. Nikakushukuru, nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Toka," akasema. Hakupandisha sauti. "Toka, Mwalimu, kabla sijakuvunjia heshima."

Nilimtazama Mpishi. Alikuwa ameelekeza uso dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta mweupe wa jengo la pili na jua juu yake. Nikasema, "Ile chupa imetoa arobaini na nne." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kope zake zilitikisika. Nikatoka.

Alhamisi, 25 Julai

Mkaguzi amekuja, kijana mtulivu mwenye viatu visafi. Amesoma maelezo yangu mbele yangu. Mwisho wa karatasi ya tatu kulikuwa na sahihi mbili, yangu na ya Meneja. Sikujua kama ameitia. Nilipomtafuta kwa macho alikuwa amesimama uani, mikono nyuma, anaangalia rundo la mabua.

Mimi sitasimamia tena chumba cha chungu. Nitabaki maabara, kupima tu. Onyo la Mpishi limefutwa, matibabu na mshahara wake viko palepale. Meneja amepewa karipio kutoka juu, na wageni wamesema watakuja hivyo hivyo, waone.

Tulipobaki wawili, Meneja aliniambia, "Siku tatu nilikuchukia, Mwalimu."

"Na ya nne?"

"Ya nne nilikuwa nimechoka kukuchukia. Nikasoma tena, nikaona hakuna sentensi ya kukata."

Nilimfundisha miaka minne na leo ndiyo mara ya kwanza naona simfahamu, na nafurahi.

Alhamisi, 1 Agosti

Mvua. Haikuwa msimu wake. Ilianza saa nane mchana, laini, bila ngurumo, na kabla hatujafunika, nusu ya rundo ilikuwa imeshalowa. Watu wote walitoka kuvuta maturubai: Meneja na suti yake, mhasibu, walinzi, mimi. Majani yaliyolowa hayanong'oni. Tuliteleza, tukaanguka, mtu akacheka, wote tukacheka. Nimerudi nyumbani natiririka maji, na Mama akauliza kama tumeacha kupika na kuanza kuogelea.

Jumapili, 4 Agosti

Mvua.

Jumanne, 6 Agosti

Mvua. Nusu ya rundo inafuka moshi asubuhi, inaoza kwa joto lake yenyewe. Wakulima wamekuja kuichukua warudishe shambani. Nimeitazama ikienda na sikusikitika nilivyodhani. Udongo nao unajua kuamsha sukari, tena bila chungu.

Jumatatu, 12 Agosti

Amerudi. Amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vyote. Mkono wa kushoto una glavu ya kitambaa, vidole vinakunja nusu tu. Alisimama mlangoni pa maabara.

"Ingia," nikasema.

Akaingia. Mara ya kwanza. Aliangalia chupa, mizani, dirisha, kama mtu aliyefika nyumba ambayo amekuwa akiisikia tu.

"Ni ile yenye arobaini na nne ninayotaka kuiona," akasema.

Nikampa. Akaifungua kwa meno na mkono mmoja, akainusa, akaifunga. Akaiweka mezani taratibu.

Jumatano, 14 Agosti

Chungu kimewashwa. Mpira mpya, valvu mpya, mstari wa njano sakafuni ambao hakuna ruhusa kuuvuka. Kijana wa zamu anageuza magurudumu, Mpishi anaelekeza. Mimi nimeruhusiwa kukaa kwenye kona na saa yangu, kwa sharti nisiseme. Mpishi akatega sikio. Mimi nikafumba macho pia, nione anaona nini.

Mwanzoni nilisikia kelele tu. Kisha kelele ikagawanyika. Chini kulikuwa na ngurumo nzito, juu yake kitu kama mchanga unaomwagika, na katikati mlio mwembamba uliokuwa unapanda, unapanda, polepole mno, kama mtu anayekaribia kukumbuka jina. Harufu ya mkate ikajaa. Mlio ukatulia.

"Hapo," akasema Mpishi.

Nilifumbua macho. Dakika ishirini na tano na nusu.

Jumamosi, 17 Agosti

Arobaini na moja. Nimeiandika na kuisoma kwa sauti chumbani peke yangu. Hamira inaimba.

Jumatatu, 19 Agosti

Arobaini na tatu. Wageni wamekuja, wamevishwa kofia ngumu, wamezungushwa. Mmoja akamuuliza Mpishi amesomea wapi. Akajibu, "Sabuni." Mgeni akaandika kwenye daftari lake kwa umakini sana. Meneja akakohoa akaangalia pembeni, na mimi ikanibidi nitoke nje.

Msimu ujao upo. Wamesema hivyo kwa midomo yao.

Ijumaa, 23 Agosti

Mabua mazima yamekwisha. Leo tumekeneka spiriti ya kwanza, tumeichemsha na kuupoza mvuke wake, lita chache tu, safi kama maji. Saa sita mchana, jua la baada ya mvua likiwa kali, tulitoka uani, wengine wakaenda kula. Mkewe Mpishi alikuwa amemletea chakula. Alinisalimia. Neno moja, lakini alinitazama usoni alipolisema.

Mpishi alimimina kifuniko kimoja cha spiriti kwenye kisahani cha chuma, akakiweka juu ya jiwe, akawasha kiberiti, akakigusisha. Hakuna kilichotokea. Kijiti cha kiberiti kiliungua kikaisha, na kisahani kikabaki kimekaa juani, kama kitupu, kinang'aa.

"Haijashika," nikasema.

"Imeshika."

"Sioni kitu."

"Mwali wake mwepesi mno. Jua linaumeza." Akachuchumaa upande wa pili wa jiwe. "Lete mkono."

Sikuupeleka. Nilitazama glavu yake, na shingo yake pale ngozi mpya ilipokuwa nyekundu na laini kama ya mtoto, na mkewe aliyesimama nyuma yake na bakuli mikononi, anatutazama wote wawili. Hewa juu ya kisahani ilikuwa inatetemeka kidogo, na ukuta wa kiwanda nyuma yake ulikuwa unatetemeka pamoja nayo.

Akanyoosha mkono wa kushoto, ule wa glavu, akanishika pindo la mkono wa koti langu la maabara kwa vile vidole visivyokunja vizuri. Akauvuta mkono wangu juu ya moto nisiouona. Akaushusha polepole, akisikiliza, kidogo, kidogo tena, hadi joto likaingia katikati ya kiganja changu, tamu, bila kuuma. Pale akakomea.

"Hapo," akasema. "Hapo panatosha."